Kitako cha bunduki ya marehemu babu: nisafishe vipi bila kufuta alama zake?

Mjukuu_wa_Mbinga

Shikamooni wakubwa, na wakuu wengine habari zenu.

Nimerithi bunduki ya marisau ya babu, ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Babu aliitumia kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori huku Mbinga. Alipofariki tuliipeleka polisi, ikakaa huko mpaka mirathi ikaisha na leseni ikatoka kwa jina langu. Upande huo hauna tatizo.

Shida ni mbao. Kitako kimekuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na karibu na chuma ukigusa mkono unateleza kwa mafuta. Shingoni, pale unaposhika unapofyatua, kuna ufa, na babu aliufunga kwa waya wa shaba, mizunguko kumi na moja. Upande wa shavu kuna mikato saba ya kisu. Bibi anasema kila mtoto alipozaliwa babu alikata mmoja. Wa nne ni baba yangu.

Nataka mbao ionekane tena, lakini mikato ile isiguswe. Nianzie wapi?

Kijana_wa_Hadweya

Mkuu, hiyo kazi ya siku moja. Msasa namba 80, kisha namba 120, halafu vanishi makoti mawili. Inang'aa kama mpya.

Fundi_Seremala_Tanga

Marahaba mjukuu, na pole kwa msiba wa babu.

Tafadhali usipige msasa. Nimeshika randa zaidi ya miaka thelathini na vitako vichache vimepita mikononi mwangu. Kilichoniumiza kuliko vyote kililetwa kikiwa kimeshapigwa msasa. Mbao ya kitako huchongwa ilingane sawasawa na chuma. Ukiipunguza hata unene wa ukucha, chuma kinabaki juu kama ngazi, na hakuna wa kukurudishia mbao ile. Na mikato ya babu ndiyo ingeondoka kwanza.

Hakikisha bunduki haina risasi, angalia mara mbili, risasi zenyewe zikae chumba kingine. Bunduki za Birmingham nyingi zina kitako cha mti wa jozi, na weusi unaouona mara nyingi ni jasho, moshi na mafuta, mbao yenyewe iko salama chini yake. Chukua tapentaini, kitambaa cha pamba na stilwaya laini kabisa, si ile ya kusugulia masufuria. Sugua kufuata nyuzi za mbao, kidogo kidogo, ukifuta kila mara. Palipochongwa vimistari vya kushikia tumia mswaki wa zamani tu.

Ule utelezi karibu na chuma una sababu. Bunduki ikisimamishwa mdomo juu miaka mingi, mafuta ya mitambo hushuka na kunywewa na mbao, nayo inalainika. Saga chaki ya shuleni, changanya na spiriti iwe uji mzito, paka hapo, acha ikauke. Chaki itageuka kahawia kwa mafuta inayonyonya. Ifute, paka tena. Inaweza kuchukua mara tano au sita, usichoke. Ukimaliza, isimamishe mdomo chini.

Waya usiufungue bado. Bunduki ikipiga teke, shingo ndiyo inayobeba, na gundi haishiki mbao yenye mafuta. Kwanza mafuta yatoke, ndipo ufa utiwe gundi ile ya mirija miwili na kubanwa usiku kucha. Baada ya hapo waya wa babu urudi mahali pake, mizunguko kumi na moja ile ile.

Palipobonyea weka kitambaa kibichi, gusisha pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke huvimbisha nyuzi zilizolala, zinainuka. Mikato ya kisu haiinuki kwa sababu nyuzi zake zimeshakatika, lakini pasi usiipeleke huko.

Mwisho mafuta ya linsidi, tone moja moja kwa kiganja, siku moja upake, siku mbili ipumzike.

Mwindaji_Mstaafu

Naongeza moja. Kabla ya kuifyatua, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni apime chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za 70. Zinaingia vizuri, ila zikifyatuliwa mdomo wa ganda unafunguka, unabana njia na shinikizo linapanda.

Mjukuu_wa_Mbinga

Asanteni sana wazee wangu. Chaki nimeshapaka mara tatu, ya kwanza ilitoka rangi ya chai ya rangi. Kwa shavuni nimepitisha kitambaa tu, na kuna michirizi myekundu ya mbao sikuwahi kuiona. Bibi ameipapasa mikato kwa kidole, akataja majina yote saba kwa mpangilio, pamoja na wawili waliofariki wadogo.

Babu Fundi, vitambaa vya linsidi nitavitupa wapi?

Fundi_Seremala_Tanga

Umeuliza la maana mjukuu, nami nilipaswa kukuambia mapema. Usivikunje na kuviacha ndani. Linsidi ikikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa huweza kuwaka chenyewe. Vianike kimoja kimoja nje vikauke kabisa, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Wasalimie nyumbani, na bibi mwambie shikamoo yake nimeituma.