Mrejesho: Ile redio ya valvu ya marehemu babu

Wakuu, niliuliza kama ninunue seti nzima ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza mawimbi na sauti kwenye redio za zamani), maana redio ilikuwa inavuma hadi mtangazaji hasikiki. Asanteni kwa kunizuia. Tatizo lilikuwa kapasita za kuchuja umeme, yaani vile vifaa vidogo vya kuutuliza umeme ili redio isivume; zilishakauka. Nimezibadilisha, mvumo kwisha. Valvu iliyochoka ni moja tu, EL84, ile inayosukuma sauti kwenye spika, na ndiyo yenye bei mbaya, kwa sababu wapiga gitaa wanaigombania kwa ajili ya amplifaya zao. EF89, valvu ya kukuza mawimbi ya redio, ambayo haina kazi kwenye gitaa, inauzwa karibu na bure!

Jana nikaiwasha. Kimya kwanza. Nyuzi za ndani ya valvu zikaiva taratibu, harufu ya vumbi linaloungua ikatangulia, ndipo sauti ikaja, nzito vilevile. Mama akatoka chumbani bila viatu.