Usaili wa karani wa stoo Jumanne hii, nikiambiwa "jieleze" nakwama

Binti wa Rangi Tatu

Wakuu, habari za jioni. Leo nimepigiwa simu, nimeitwa usaili Jumanne saa 3 asubuhi. Kazi ni karani wa stoo, kampuni ya vifaa vya ujenzi iliyoko Barabara ya Nyerere, ukishapita TAZARA kidogo. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni akidhani kuna msiba.

Nina kidato cha nne na cheti cha ugavi cha mwaka mmoja. Miaka 3 sasa niko duka la mjomba huku Mbagala, tunauza saruji, nondo, mabati, misumari. Barua ya ajira sina, maana ni mambo ya ndugu.

Mwezi wa tatu niliitwa usaili sehemu nyingine. Walikaa watu watatu, wakaniambia kwa Kiingereza nijieleze. Majibu nilikuwa nimeyatoa mtandaoni nikayakariri usiku kucha: mimi ni mchapakazi, najituma, napenda kushirikiana na wenzangu. Sentensi ya pili ikapotea kabisa. Nikajikuta nataja shule ya msingi niliyosoma na mwaka niliomaliza. Mmoja wao akashika simu yake. Hazikufika dakika 10 nikawa nje. Nilikaa kituoni, daladala za Mbagala zinapita na sizipandi.

Sitaki hali ile inirudie. Nifanye nini nijiamini? Na hili la duka la mjomba, nilitaje au nilinyamazie?

Mkazi wa Tabata

Hongera sana dada. Mimi niseme ya safari tu. Vyeti halisi weka bahasha moja, kopi bahasha nyingine, na kitambulisho cha NIDA. Toka nyumbani saa 12 kamili. Barabara ya Mandela ni njia ya malori ya bandarini, na ukikuta foleni pale kituo cha Uhasibu utafika jasho linatiririka. Heri ukae getini kwao saa nzima ukipata upepo. Viatu vaa vya kufunika, wanaweza kukutembeza ghalani.

Mama Leja

Mdogo wangu, nimefanya kazi ghalani miaka 14, na 5 ya mwisho nimekuwa mmoja wa wanaouliza maswali. Nakuomba sana, yale majibu uliyokariri yaache. Siku ya usaili tunaona watu 10 au 12. Tukifika wa nne, neno "mchapakazi" tumeshalisikia kwa kila mmoja, na hakuna anayeliandika popote.

Duka la mjomba litaje, na useme wazi kwamba ni la mjomba. Ukificha tutauliza nani anaweza kukuthibitisha, hapo ndipo utatetereka. Miaka 3 ya kupokea mzigo ndiyo mali uliyo nayo. Cheti wanacho wengi.

Mwaka jana alikuja kijana mikono inamtetemeka mpaka akaificha chini ya meza. Nikamuuliza: limekuja lori la saruji, mifuko 600, unaanza na nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sianzi kuhesabu. Nazunguka lori, naangalia turubai kama limelowa. Mfuko ukishanyonya maji unaganda, na nikishasaini ni wangu." Akaendelea: anahesabu wakati mzigo unashuka, hasubiri umalizike. Anaupanga juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao, mbali na ukuta. Saruji ya zamani anaivuta mbele ili itoke kwanza. Mikono ilikuwa juu ya meza sasa, anatuonyesha jinsi mifuko inavyolaliana. Hakutumia neno gumu hata moja. Leo funguo za ghala anazo yeye.

Sasa wewe usiku huu ikumbuke siku moja tu dukani, idadi ya mzigo ilipotofautiana na ya kwenye karatasi. Ilikuwa bidhaa gani, ilipungua ngapi, wewe ulifanya nini, iliishaje. Usiandike. Msimulie mama yako kwa sauti akiwa na shughuli zake, kesho msimulie mtu mwingine. Kimya kimya kichwani kila mtu ni hodari. Ni mdomo ndio unaotusaliti, basi uzoeshe. Ukishaizoea, isimulie mara moja kwa Kiingereza, maneno madogo madogo unayoyajua.

Wakisema jieleze: jina, kazi unayofanya, halafu kisa hicho. Dakika 2 zinatosha. Shule ya msingi iko kwenye karatasi walizoshika.

Na ujiandae kupewa leja ndogo: salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka, utoe salio la mwisho. Sisi hatukosi kuiweka.

Binti wa Rangi Tatu

Dada, nimemsimulia mama akichambua mchicha. Nimesema hivi:

"Napokea na kutoa mzigo duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, mwaka wa 3 sasa. Siku moja tuliletewa nondo za milimita 12, karatasi inasema 188. Dereva ana haraka, anataka saini. Nikahesabu nikapata 181. Nikarudia, 181. Nikaandika pungufu 7 kwenye karatasi yake na yetu, tukasaini wote wawili, nikampigia muuzaji dereva akiwa hapo hapo. Siku ya tatu zikaletwa 7. Tangu hapo kila nikifika 10 naweka alama ya chaki."

Mama akaacha mchicha, akaniuliza mbona hili sikuwahi kumwambia.

Mama Leja

Umeona? Hapo hujataja kujituma hata mara moja na nimeona unavyojituma.

Ongeza kitu kimoja. Wanaweza kukuuliza, nondo 7 tu zina nini? Uwe na hesabu yake. Kipenyo zidisha kwa kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya milimita 12 ni 144 gawanya kwa 162, kama 0.89. Nondo ya mita 12 inafika kilo 10.7 hivi, kwa hiyo 7 ni karibu kilo 75 za chuma ambazo mjomba angezilipia bila kuzipata. Litamke hilo taratibu huku ukiwatazama.

Mwishoni wakikuuliza kama una swali, usiseme sina. Uliza stoo yao inahesabiwa mara ngapi kwa mwaka, na hesabu ikikataa hatua ya kwanza ni ipi.

Jumanne ukitoka pale, kabla hujapanda gari, tuandikie.