Meneja kusoma historia ya biashara: ina faida, au ni hadithi za kale?

MenejaMpya
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimepandishwa cheo, nasimamia kitengo cha watu 14. Kazini wananilipia kozi moja: uchambuzi wa takwimu au historia ya biashara. Moyo unanivuta kwenye historia, ila mwenzangu ananicheka: "Ford alishakufa, wewe una oda za wiki ijayo." Mnashaurije?

MzeeWaMasjala
Marahaba. Mwenzako ana hoja, lakini usimpe yote.

Tumchukue Ford huyohuyo. Model T, gari lake, ilitoka mwaka 1908 kwa dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa chini ya dola 300. Gari lilelile, bei inashuka, wanunuzi wanaongezeka. Nani angemwambia amekosea, wakati hesabu zote zinampongeza? Huku mpinzani wake, General Motors ya Alfred Sloan, inauza rangi, mitindo na mikopo. Mwaka 1927 Ford akasimamisha Model T, viwanda vikakaa kimya miezi kadhaa akiandaa Model A. Historia inakufaa hapo: unaona jinsi kosa linavyofanana na ushindi ukiwa bado uko ndani yake.

Ila jihadhari na hadithi tamu. Utaambiwa Kodak, kampuni ya filamu za kamera, walilala: mhandisi wao Steven Sasson aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, wakaifungia kabatini, wakafa. Kumbe mwaka 2005 walikuwa wa kwanza Marekani kwa kuuza kamera hizohizo! Shida ni kwamba kamera ilileta faida nyembamba, filamu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha, kisha simu zikaja kumeza vyote. Hata kufa hawakufa. Waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012, wakatoka 2013 wakiwa wamekonda. Fujifilm, wapinzani wao wa Japani, walipigwa na dhoruba ileile, wakahamishia kemia yao kwenye utando wa skrini na hata vipodozi. Sasa somo ni "amka mapema" au "ujuzi wako unafaa wapi kwingine"? Ni maswali mawili tofauti.

Bishoo_wa_Hesabu
Mimi kozi hiyo niliisoma. Tulichambua walioshinda tu. Waliofanya yaleyale wakafilisika hawakuacha hata karatasi, utawalinganisha na nini? Nilichotoka nacho ni mifano ya kushindia mabishano vikaoni. Bosi akitaka kupunguza watu, mfano upo. Akitaka kuajiri, upo pia. Chukua takwimu.

MzeeWaMasjala
Hapo Bishoo umenipata, sibishi. Ndiyo maana historia iliyonifaa kuliko zote haikuwa ya kitabuni.

Nilihamia kampuni moja nikakuta kila oda ya vipuri inahitaji sahihi tatu. Nikaona urasimu, nikafuta mbili. Mwezi wa nne tukapokea shehena ya beringi zisizoingia kwenye mashine yetu hata moja. Nikashuka masjala. Faili la kijani, limefungwa kwa uzi, vumbi hadi mafua: miaka tisa nyuma, kosa lilelile! Baada ya hasara ile ndipo wakaamua sahihi ya pili iwe ya fundi atakayefunga kipuri. Hakulinda pesa, alilinda vipimo.

Nikairudisha. Ya tatu nilitafuta sababu yake faili zima nisiione, zaidi ya mkubwa mmoja aliyependa kuona kila karatasi, naye alishaondoka. Hiyo sikuirudisha.

MenejaMpya
Asanteni wakuu. Basi kozi nachukua takwimu. Lakini Mzee, sisi kumbukumbu za zamani zilipotea tulipobadili mfumo. Wamebaki watu wawili tu waliokuwepo enzi hizo, mmoja ana miaka mingi mbele, mwingine anastaafu mwezi wa sita. Nianze na nani?

MzeeWaMasjala
Unauliza? Wa mwezi wa sita. Nenda na daftari, na usiende na bosi wako.