Mnaosema Schwazer "kadakwa mara mbili, habari imekwisha", njooni hapa

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Kwenye uzi wa jana wa wanariadha wa Italia, mtu kamtaja Alex Schwazer kwa mstari mmoja tu: mla dawa, kadakwa mara mbili. Watu wakagonga like, wakapita.

Ya kwanza ni kweli. Bingwa wa Olimpiki ya Beijing 2008, kilomita 50 za kutembea, alikutwa na EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza damu, mwaka 2012. Hakuzungusha maneno. Aliketi mbele ya waandishi kule Bolzano akakiri huku analia, akatumikia adhabu yake. Hapo sina ubishi.

Ya pili ndiyo inayonichefua. Aliporudi mazoezini 2015 alimfuata Sandro Donati, adui wa dawa kuliko kocha yeyote Italia. Huyu ndiye aliyepiga kelele kwenye mashindano ya dunia ya Roma 1987, waamuzi wa nyumbani walipompa Mwitalia Giovanni Evangelisti mita 8.38 za kuruka mbali ambazo hakuziruka, hadi shaba ikarudi kwa Mmarekani Larry Myricks. (Evangelisti mwenyewe hakuhusika na hila hiyo.) Mzee wa namna hiyo ana maadui hadi jikoni kwake.

Desemba 2015 Schwazer akatoa ushahidi mahakamani dhidi ya madaktari wa shirikisho la riadha. Siku hiyohiyo agizo la kumpima likatoka! Tarehe 1 Januari 2016 asubuhi, watu wanalala na uchovu wa mkesha, wapimaji wakabisha hodi. Sampuli inatakiwa iende maabara bila kujulikana ni ya nani, lakini karatasi zikaandikwa Racines. Racines ni kijiji cha milimani. Bingwa wa kutembea huko yuko mmoja. Hata mtoto angejua mkojo ni wa nani.

Kipimo cha kwanza: safi. Baadaye wakaifungua upya, wakasema kuna testosteroni, homoni iliyokatazwa ya kuongeza misuli. Yeye akaambiwa Juni, wakati Mei alikuwa ameshinda kilomita 50 Roma na tiketi ya Olimpiki ya Rio iko mfukoni. Mahakama ya michezo, CAS, ikamaliza kesi hukohuko Rio, Agosti: miaka 8. Riadha ya Italia ikarudi nyumbani bila medali hata moja.

Februari 2021 jaji wa Bolzano, baada ya wataalamu kuhangaika miaka na kiwango cha DNA kisichoeleweka kwenye ule mkojo, akamfutia shtaka la jinai. Akaandika wazi kwamba kuna uwezekano mkubwa sampuli zilichezewa ili kumchafua yeye na Donati. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakakana vikali, sawa, ni haki yao. Ila adhabu haikupungua hata siku moja! Mahakama ya serikali inasema hukutenda, wenye michezo wanasema kaa nje.

Akakaa hadi Julai 2024, umri miaka 39. Kilomita 50 zenyewe zilishatolewa kwenye Olimpiki baada ya Tokyo, kwa hiyo hata mlango wa kurudia haupo.

Sasa wewe uliyeandika jana, nijibu moja tu: nani aliandika Racines kwenye ile karatasi, na kwa nini?

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa jana.