YULE MAMA WA DIRISHA LA MWISHO KANISUKUMIA MAKARATASI KWA NCHA YA KALAMU!!!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, mikono inatetemeka, hata injini sijawasha. Ni pale ofisi ya kusajili magari. Wa Atlanta mnamjua, simtaji. Yule mwenye kucha za mwewe.

Nimehama Texas mwezi jana. Georgia wanakupa siku 30 uwe umesajili gari, leo yangu ya 27. Moshi wa gari nimepima. Bima nimehamisha, na kadi ya bima yenyewe hawaitaki, mpaka kampuni iwaingizie kwenye mfumo wao. Kodi yao ya asilimia 3 ya thamani ya gari nimeshaitenga, kwa Corolla ambayo mwizi akiiona anaiachia sadaka. Foleni nimekaa mpaka ndevu zimeota.

Nafika. Hajaniangalia usoni. Kaona leseni ya Texas juu ya makaratasi, kachukua kalamu, kayasukuma. KWA NCHA YA KALAMU. Kama anaondoa mende aliyekufa! "Anayefuata!"

Kumbe leseni ya Georgia kwanza, na inatolewa ofisi nyingine kabisa. Sawa, si aseme? Mdomo anao! Mama yangu kanizaa kwa uchungu halafu nisukumwe na kalamu?

Kobe Mzito: Hukusoma masharti, unalilia kalamu.

Mwenye uzi: Masharti nimekosa, sikatai. KALAMU JE?

Shangazi wa Peachtree: Mimi taito yangu, hati ya umiliki wa gari, aliishika kwa tishu. Shukuru Mungu.

Mla Ugali: Kalamu ya wino au penseli? Tusihukumu haraka.

Mtoto wa Pwani: Huku California siku 20 tu, na gari langu limefeli moshi mara mbili. Fundi anataka dola 900.

Kobe Mzito: 900?? Umepigwa. Njoo pm.

Bin Unguja: Mnalia kuvuka jimbo! Mimi nilivusha gari la namba ya Z, ya Zanzibar, kwenda Dar, habari ya ushuru ikaanza upya kama vile limetoka Japani jana.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye kalamu.

Mla Ugali: Georgia pleti ya namba ni ya nyuma tu, eti? Mimi pia nimetoka Texas, yale matundu ya bampa la mbele mnazibaje?

Shangazi wa Peachtree: Weka bati la Yanga.

Bin Unguja: Bora matundu.

Shangazi wa Peachtree: Makolo wa Simba mmeshaingia humu?