Kuhesabu karata blakjeki: milioni 2 zinatosha?

Swali (Mgeni_Kla): Wakubwa, hapa Kampala nina shilingi milioni 2 za kuchezea tu. Dau la chini mezani ni 10,000, pakiti sita. Nianzeje?

Ree_na_Kumi: Ndugu, hazitoshi. Hizo ni dau 200; anayehesabu anahitaji walau 1,000. Ukipandisha hadi 100,000 hesabu ikiwa nzuri (karata kubwa nyingi bado zimebaki), mikono ishirini mibaya inakumaliza, na mibaya huja kwa mfululizo.

Kwanza kariri mkakati wa msingi, yaani jedwali la hatua bora kwa kila mkono. Unashusha faida ya kasino hadi karibu asilimia 0.5. Kisha Hi-Lo, mbinu ya kuhesabu karata zinazotoka: 2 hadi 6 ongeza moja, 7 hadi 9 sifuri, kumi, mapicha na ree toa moja. Gawanya jumla kwa pakiti zilizobaki. Ukiwa na +8 na zimebaki mbili, hesabu halisi ni +4: hapo ndipo unapandisha dau. Chini ya +1, dau la chini tu. Bima (dau la pembeni mgawaji akionyesha ree) usiiguse kabla ya +3.

Nyumbani jizoeze: pakiti moja imalize kuihesabu ndani ya sekunde 30, jumla ikiishia sifuri. Redio iwe inapiga kelele.

Mzee wa Meza: Kabla ya yote, tazama meza, kaka. Mashine inayochanga karata mfululizo? Ondoka, hakuna cha kuhesabu. Blakjeki (ree na karata ya kumi mara ya kwanza) ikilipwa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, ondoka pia. Mgawaji akikata pakiti mbili nyuma kati ya sita, yaani zisigawiwe, faida yako inayeyuka.