Tupeane uzoefu: wakili alipoitelekeza kesi yako, ulimlalamikia wapi na ikaishaje?

Kipanga wa Bondeni
Wakuu, habari zenu. Kesi ya familia yetu ya ardhi imefutwa kwa upande wetu kutohudhuria. Kila tukimpigia wakili jibu lilikuwa moja: "imeahirishwa, nitawajulisha tarehe." Habari ya kufutwa tumeipata kwa karani wa mahakama. Ada tulishamaliza kulipa. Kwa mliopitia haya hapa Tanzania, mlipeleka wapi malalamiko? Na kesi ilirudi? Wale wa "si tulikwambia" naomba mpite kimya kimya.

Dada Mtulivu
Pole sana. Kwetu kaka zangu walikuwa na hasira na wakili, wakakimbilia kumshitaki kwanza. Huku kesi yenyewe imelala. Maombi ya kurudisha shauri lililofutwa yana siku 30 tu tangu amri itolewe. Zilipopita ikabidi tuombe kuongezewa muda, na huko unatakiwa utoe maelezo ya kila siku uliyochelewa. Tukasema kosa ni la wakili. Msimamo wa Mahakama ya Rufani ni wa siku nyingi: uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha. Hakimu alitusikiliza kwa upole kabisa, kisha akayatupa maombi.

Mkongwe
Nyongeza kwa hayo. Malalamiko yanakwenda Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura 341. Mwenyekiti ni jaji wa Mahakama Kuu. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Haina uwezo wa kufufua kesi yako. Mimi nilipeleka malalamiko pamoja na hati ya kiapo, risiti zote na meseji nilizochapisha. Wakili akajibu eti sikummalizia ada, ndiyo maana hakwenda mahakamani. Risiti zikamuumbua, akasimamishwa. Nilifurahi, sikatai, ila shamba bado analima mwingine.

Bint Mwalimu
Shangazi yangu hakufika hata kwenye Kamati. Aliandika barua moja fupi: naomba jalada langu lote na maelezo ya maandishi ya kesi ilipofikia, kabla sijapeleka malalamiko. Akataka nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu zilikuwa hazipokelewi miezi na miezi, lakini barua ile ilijibiwa haraka ajabu. Jalada likatoka, akatafuta wakili mwingine. Hawa watu wanaogopa karatasi kuliko kelele.

Joho Jeusi
Mimi ni wakili, nipigeni mawe taratibu. Kushindwa kesi si kosa la nidhamu, na malalamiko mengi yanaangukia hapo. Kosa ni kutokwenda mahakamani bila sababu, kuacha muda wa rufaa upite, kumdanganya mteja kuhusu tarehe. Na wateja nao wapo wanaopotea mpaka namba ya simu wanabadilisha. Hata hivyo wakili hajitoi kwa kunyamaza: anaiarifu mahakama, anamwarifu mteja. Huyo wa Kipanga sina la kumtetea.

Pita Njia
Hakikisheni kwanza kama ni wakili kweli! Wetu tuliyempa kesi alikuwa na ofisi, tai na mihuri, kumbe kishoka. Kamati haina la kumfanya mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya mawakili, huyo ni wa polisi. Leseni ya uwakili inahuishwa kila mwaka, kwa hiyo hata aliyeapishwa zamani muulize ya mwaka huu.

Kipanga wa Bondeni
Asanteni. Jina lake lipo, na leseni anayo. Amri ya kufuta ni ya wiki iliyopita. Sasa yeye anasema tumwachie, atairudisha mwenyewe bila malipo.

Dada Mtulivu
Usikubali. Kwenye kiapo cha maombi ya kurudisha kesi lazima ielezwe kwa nini hamkuwepo siku ile. Yeye ataandika nini, kwamba aliwadanganya? Kesho asubuhi nenda masjala uombe nakala ya amri na mwenendo wa kesi, umpelekee wakili mwingine siku hiyo hiyo. Kamati utaiendea maombi yakishasajiliwa.

Joho Jeusi
Naunga mkono. Na hilo la "bila malipo" mwambie akuandikie kwa meseji, usilifute.